Mwali Asiyeonja Bakuli la Mtu

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa mwali asiye na mdomo!

Pakawa majirani wenye midomo miwili miwili!

Haya, sogeeni. Anayekohoa akohoe sasa, anayetaka maji akanywe sasa, maana nikishaanza sisimami. Nawe uliyekaa upande wa moshi usinikunjie uso, moshi sikuutuma mimi.

Hapo kale, kale sana, wakati majirani hawajajifunza kunong'ona na kila umbea ulisemwa kwa sauti ya mnadani, palikuwa na kilima kinaitwa Kihembe. Kilima chote miombo mitupu, mikubwa kwa midogo. Na juu ya myombo mmoja aliishi kiwavi, jina lake Chausiku.

Mama yake alikuwa nondo, na nondo hawakai wakaona wana wao. Alitaga mayai chini ya jani, akaacha neno moja kwa jirani yake Bi Konokono, akaenda zake moja kwa moja. Hakuacha shanga, hakuacha kanga. Neno lenyewe lilikuwa hili: "Mwambie mwanangu ale."

Na mwana akala.

Alikula asubuhi, krrr, krrr, krrr. Alikula mchana, krrr, krrr, krrr. Alikula jioni mpaka giza likaingia katikati ya jani. Ngozi ikambana kama gauni la mwaka juzi. Akaivua, akatoka na nyingine, akaendelea kula.

Akapita Bi Kipepeo, mwenyewe kajipamba.

"Shoga Chausiku, hilo tumbo au mtungi?"

"Ni tumbo, Bi Kipepeo."

"Unakula yote hayo ya nini?"

"Nakula ya safari."

"Safari ya wapi, nawe hata tawi la pili hujafika?"

"Sijui. Bado nakula."

Krrr, krrr, krrr.

Akapita Bi Sisimizi, mzigo kichwani.

"We Chausiku, sisi wenzako tunaweka ghalani. Wewe kila kitu tumboni! Huna hata kikapu?"

"Ghala langu natembea nalo, Bi Sisimizi."

"Na unakula ya nini?"

"Nakula ya safari."

Krrr, krrr, krrr.

Akapita Bi Nyuki. Ah, huyo! Bi Nyuki alikuwa haulizi ili ajue, anauliza ili apate pa kuanzia. Akamzunguka Chausiku mara moja, akamtazama juu, akamtazama chini, akaondoka bila kuaga. Mchana ule ule habari zilifika bondeni kwamba Chausiku amekula tawi zima. Zilipofika mtoni, amekula mti mzima. Zilipovuka mto, amekula mti mzima na kiota cha njiwa, na njiwa mwenyewe haonekani.

Jioni Chausiku alimteremkia Bi Konokono pale shinani, maana ndiye aliyekuwa somo yake, wa kumfunda.

"Somo, wananicheka."

"Wanacheka kwa midomo yao, mwanangu. Wa kwako una kazi."

Chausiku akapanda tena juu, akala.

Sasa, kule Kihembe palikuwa na ada. Binti akikua hutiwa ndani. Haonekani, hasikiki, mpaka siku ya kutolewa. Na siku hiyo kila nyumba huleta bakuli, na mwali huonja kila bakuli. Asipoonja la mtu, amemtukana mwenye bakuli. Na mwali aliyetukana majirani hapewi njia: hutiwa ndani tena, mlango ukakaliwa, mpaka msimu mwingine.

Siku yake ilipofika, Chausiku alishuka mtini mnene, tipwatipwa, hatua zinamsumbua. Akachimba chini ya myombo, akaingia, Bi Konokono akamfunika kwa udongo. Humo gizani mwali alivunjwa akaundwa upya. Miguu iliondoka, ikaja mingine. Macho yaliondoka, yakaja mengine. Lakini majani yote yale aliyochekwa nayo hayakuondoka. Yalikuwa yamegeuka mafuta, yametulia ndani yake kama samli kwenye chungu kilichofunikwa.

Kiangazi kile wakaja warina asali na mienge yao. Wakarina, wakaondoka, mwenge mmoja wakausahau. Basi moto ukala Kihembe, ukashuka ukala bonde lote. Chausiku huko chini alisikia joto tu likimpita juu, akadhani ni mchana.

Mvua ya kwanza ya manyunyu ilipoanguka, maua madogo madogo yaliota penye majivu, hapo hapo kilimani. Kwa hiyo Bi Kipepeo alikunywa, Bi Nyuki alikunywa, hakuna aliyelala njaa. Lakini miombo! Miombo ilikuwa imesimama myeusi kama vyungu, bila jani hata moja. Majani yalionekana ng'ambo tu, kwenye kilima cha Mbwera. Na kati ya Kihembe na Mbwera lilikuwa bonde pana, limeungua tii, bila ua hata la dawa. Vilibaki vichuguu vitatu tu, kimoja mbele ya kingine.

Chausiku akatoka udongoni jioni ile. Mabawa yake rangi ya chungu kipya, na juu ya kila bawa jicho la duara linalokukodolea. Mume? Mnaniuliza habari za mume? Alikuja. Alinusa harufu ya mwali tangu ng'ambo ya mto, akaja mbio, na asubuhi hakuwepo. Habari za mume zimeishia hapo.

Asubuhi Chausiku alikuwa na mayai tumboni, na mara moja alijua yale aliyokuwa hayajui. Safari ilikuwa ya Mbwera. Akitaga hapa, wanawe watazaliwa juu ya mkaa, watafungua midomo na hakuna cha kutia. Na alijua la pili pia: mafuta aliyokuwa nayo ndiyo hayo hayo. Yakipungua hayaongezeki.

"Naondoka leo, Somo," akasema.

Ngojeni, naona mmoja amefungua macho. Unataka kuuliza amesemaje naye hana mdomo. Alisema kwa vipapasio vyake. Hujaridhika? Mimi niliishi na mke mwenza miaka mingi, akanisema kila siku bila kufungua mdomo, na kila neno nililisikia. Tuendelee.

"Utaondoka," akasema Bi Konokono, "lakini majirani wameshafika."

Wamejaa uwanja! Nyenje na ngoma yake, Bi Kipepeo na bakuli la maji ya maua, Bi Sisimizi na bakuli la uji wa mbegu, Bi Nyuki na bakuli la asali aliyoitafuta tone kwa tone penye majivu. Vigelegele, makofi, vumbi.

Akatangulia Bi Kipepeo. "Mwali, onja."

Chausiku akainama kwa heshima, akainuka. "Ahsante, Bi Kipepeo. Sionji."

Akaja Bi Sisimizi. "Mwali, onja."

"Ahsante, Bi Sisimizi. Sionji."

Akaja Bi Nyuki, bakuli kalishika kwa mikono yote aliyonayo. "Mwali, onja."

"Ahsante, Bi Nyuki. Sionji."

Uwanja ukalipuka.

"Makubwa haya!"

"Alikula mti mzima, leo asali ya mtu inamshinda!"

"Na njiwa je? Mbona njiwa alimshuka kooni?"

"Ni hayo mabawa, yamempanda kichwani!"

Wawili watatu walikuwa wameshaanza kuukalia mlango. Nyenje akapiga ngoma, ti! ti! ti! "Tulieni! Mwali acheze. Akicheza mpaka wenye bakuli waridhike, tumemsamehe."

Chausiku akacheza. Akazunguka uwanja mara moja, mabawa wazi, watu wakaguna kwa uzuri wake. Lakini ndani alisikia kitu kinashuka, kama taa inapovuta mafuta. Akatazama Mbwera, mbali kule, kijani chembamba kama uzi.

"Ya pili!" akasema Nyenje.

Chausiku akasimama. "Sichezi."

"Mwali hasemi sichezi!"

"Mimi nasema. Nilichonacho ni cha wanangu, si cha ngoma yenu. Nipisheni mlangoni."

Hapakuwa na aliyemsikia mwali akisema hivyo tangu Kihembe iitwe Kihembe. Kabla hawajapata tusi la kumtosha, Bi Konokono akajikokota mpaka katikati ya uwanja.

"Njooni mumtazame usoni," akasema. "Karibuni. Karibu zaidi, Bi Nyuki, maana wewe ndiye utakayesimulia."

Wakasogea. Wakatazama. Pale penye mdomo hapakuwa na mdomo. Palikuwa na manyoya tu.

"Loo!" Bi Sisimizi akaangusha bakuli. "Nani kamwibia?"

"Hakuibiwa," akasema Bi Konokono. "Ulimaliza kazi yake, akauacha, kama mtu anavyotundika jembe mavuno yakiisha."

"Sasa atakula nini njiani, masikini?"

"Nimeshakula, Bi Sisimizi," akasema Chausiku. "Mlinicheka wenyewe."

Hapo waliokaa mlangoni waliinuka mmoja mmoja, kila mmoja anajifanya anatafuta kiatu. Isipokuwa Bi Nyuki. Bi Nyuki hakushindwa kirahisi.

"Bonde lile mimi na kibuyu changu cha asali naliogopa," akasema. "Wewe usiye na kibuyu wala mdomo utalivuka? Basi mimi nakwenda nawe. Nataka nikuone kwa macho yangu ukianguka, watu wasije wakasema nimetunga."

"Bi Nyuki," akasema Bi Konokono, "asali ni moto wa nyasi. Unawaka vizuri, mara majivu. Huyu kabeba gogo la mninga."

"Tutaona."

Jua likashuka. Chausiku akapanda kwenye kisiki, akafungua mabawa kidogo, akaanza kutetemeka. Alitetemeka mwili mzima, mabawa yakiita frrrr.

"Mwoneni!" Bi Nyuki akashangilia. "Hata kuruka bado! Woga huo!"

"Nyenje," akauliza Chausiku, "ngoma yako unaipiga ikiwa baridi?"

"La. Naipasha moto kwanza."

"Na mimi napasha kifua changu."

Akatetemeka mpaka kifua kikapata moto. Kisha akaruka, na akiruka alikuwa na wimbo wake. Niitikieni, msinitazame tu:

*Jani likawa mafuta, mafuta yakawa bawa.*
*Nipeleke, bawa, nipeleke!*

Wakaenda, wakaenda. Chini majivu, mbele majivu. Njia nzima Bi Nyuki anasema: nani kamwacha nani, nani kapika nini kikaungua, nani kajifungua mtoto asiyefanana na baba yake. Kila akinyamaza ni kwamba anakunywa kidogo kutoka kwenye kibuyu. Wakafika kichuguu cha kwanza.

"Umechoka?" akauliza Bi Nyuki.

"La."

"Hata kidogo?"

"Naenda, Bi Nyuki."

*Jani likawa mafuta, mafuta yakawa bawa.*
*Nipeleke, bawa, nipeleke!*

Wakaenda, wakaenda. Giza likaingia. Maneno ya Bi Nyuki yakaanza kuwa mafupi, na kunywa kukawa kwingi. Kwenye kichuguu cha pili akakikung'uta kibuyu, akakichungulia, akakilamba mdomoni. Kikavu. Akapiga mabawa mara mbili tatu, akayumba, akaanguka majivuni, pu!

"Chausiku! Nimeishiwa!"

Chausiku akasikia. Alikumbuka lile tawi, na ule mti, na yule njiwa. Akaendelea kwenda zake. Alijua akitua kifua kitapoa, na kukipasha tena ni mafuta, na mafuta ni ya wanawe. Akaenda kidogo. Akaenda kidogo tena. Kisha akageuka, akamwelekea Bi Nyuki, huku amejikasirikia.

"Panda mgongoni. Shika manyoya."

"Umenirudia, shoga yangu! Mimi siku zote nilisema wewe una moyo..."

"Hukusema. Nina kazi na mdomo wako, ndiyo maana nimerudi. Na nina sharti: usiseme neno mpaka tufike."

"Hata moja?"

"Hilo lilikuwa moja."

Akatetemeka tena, frrrr. Safari hii alikawia kupata moto. Akaruka, mzigo mgongoni, tumbo limeanza kulegea kama mfuko uliopunguzwa unga.

Wakaenda, wakaenda, na Popo naye akatoka. Popo hategemei macho sana. Popo huwinda kwa masikio. Alisikia mabawa yakipita mahali, asijue ni mahali gani hasa. Akawa anapaa juu yao, anasema kwa sauti tamu.

"Nani mwenzangu huyo? Nasikia Bi Kipepeo kamkimbia mumewe. Ni kweli?"

Jamani! Na Bi Nyuki alikuwa anajua kisa chote, tangu mwanzo wake, na jina la aliyekimbiliwa. Akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Popo akasogea. "Nasikia ghala la Bi Sisimizi lina uji wa wizi. Ni kweli?"

Na Bi Nyuki alikuwa anajua umeibwa kwa nani! Akaziba mdomo kwa mikono minne.

Popo akasogea zaidi. "Nasikia Bi Nyuki wa Kihembe ni mwongo, hata asali yake ni ya kuazima."

Bi Nyuki alitutumka kama chapati jikoni. Akauma manyoya ya mgongo wa Chausiku, akayauma kweli kweli, machozi yakamtoka, lakini neno hakutoa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Popo akachoka kungoja, akajitupa kule mabawa yalikosikika. Chausiku akafunga mabawa. Akaanguka kama jani lililoungua, kimya, mpaka majivuni. Popo akauma hewa, akauma hewa tena, akaenda zake akitukana.

Wakalala pale mpaka sauti yake ikapotea. Chausiku akajigusa tumbo. Lilikuwa jembamba, mayai yanahesabika kwa kugusa. Kichuguu cha tatu kilikuwa mbele kidogo, na nyuma ya kichuguu cha tatu, Mbwera.

Akatetemeka. Kifua baridi. Akatetemeka tena. Bado baridi. Bi Nyuki alitaka kusema kitu, akakumbuka sharti, basi akajibana tu mgongoni pake na kutetemeka naye, ampe joto kidogo alilokuwa nalo. Mara ya tatu moto ukashika. Wimbo safari hii ulitoka mwembamba, kwa hiyo nanyi itikieni polepole:

*Jani likawa mafuta, mafuta yakawa bawa.*
*Nipeleke, bawa, nipeleke!*

Likampeleka. Likampeleka mpaka kichuguu cha tatu, likampeleka mpaka chini ya Mbwera, likampandisha mpaka kwenye myombo wa kwanza wenye majani. Majani mabichi, mekundu mekundu bado kwa uchanga. Chausiku hakupumzika. Alishika jani kwa chini, akataga. Akashika lingine, akataga. Mabawa yake yamechanika kingo kama kanga ya jikoni, yeye anataga. Na mafuta yakaisha hapo hapo yai la mwisho lilipolishika jani.

"Bi Nyuki," akasema, kwa kipapasio kimoja tu.

Bi Nyuki akanyoosha kidole mdomoni, kuuliza kama ameruhusiwa.

"Sasa sema. Mdomo wako ndio niliubeba. Wakitoka hawa, waambie wale."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Na usitie chumvi."

Akafunga mabawa yake yenye macho, na hakuyafungua tena.

Bi Nyuki hakurudi Kihembe. Aliwaita ndugu zake wa huko Mbwera wakafanya makao kwenye tundu la ule ule myombo. Viwavi walipotoka, wadogo kama nyuzi, alikuwa wa kwanza kuwafikia. "Mama yenu amesema mle," akawaambia. Basi, halafu akanyamaza. Wakala, krrr, krrr, krrr, na majirani wa Mbwera nao wakaanza kucheka: hilo tumbo au mtungi? Hapo Bi Nyuki aliwakalisha chini akawapa kisa chote. Neno la mama hakulitia chumvi. Mengine yote aliyatia: kichuguu kikawa mlima, bonde likawa nchi saba, na Popo akawa joka lenye mabawa.

Tangu siku hiyo nondo akitaka kuruka hutetemeka kwanza, na mwenye akili hasemi ni woga. Na kule Kihembe mwali akitolewa, bakuli huwekwa mbele yake, akitaka huonja, asipotaka hupishwa mlango.

Funzo lake mmeliona, lakini nitalisema kwa ajili ya yule anayesinzia. Mtu akijiwekea akiba mbele ya macho yenu, msimcheke kabla hamjaijua safari yake. Nawe mwenye safari, cheko la watu lisikutoe mdomo kwenye jani.

Ngano yangu naitua hapa, nimefika nayo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa na chumvi nyingi, mrudishieni Bi Nyuki, ndiye aliyeniuzia. Na sasa nipitishieni lile sufuria la viazi, msione haya. Mimi kesho napanda kilima kwenda kwa shemeji yangu, na mdomo, namshukuru Mungu, bado ninao.